Ndoo ya Chokaa na Kinywa cha Kisogoni

Mheshimiwa Bwana Shauri wa wilaya yetu. Mheshimiwa Mangi wa Wameru, pamoja na washili, wakuu wa koo, mliofuatana naye. Wachungaji na wazee wa usharika. Shehe wetu wa hapa Kaloleni. Bwana Shantilal, Bwana Balwant Singh na ndugu zetu wote wenye maduka. Akina mama mlioteremka mlimani tangu alfajiri, na akina mama mliotoka jikoni sasa hivi. Ndugu wageni waalikwa, na nyinyi ambao hamkualikwa lakini mlisikia kuna mbuzi: wakubwa wangu shikamooni, wa rika langu hamjambo, na watoto, marahaba hata kabla hamjasema.

Nimeombwa niseme maneno machache ya kufungua chumba hiki cha kusomea. Wale mliopita mikononi mwangu darasani, na naona vichwa vyenu vingi humu vimeanza kuota mvi, mnajua kwamba maneno machache ni somo ambalo mwalimu wenu hakulifaulu. Kwa hiyo kaeni vizuri. Nyama bado haijaiva, nimekwisha kuuliza.

Natazama macho yenu na kuona hamnitazami mimi. Mnatazama vitu viwili. Kimoja ni kitambaa kirefu cha marekani kilichofunika ukuta wote nyuma yangu. Cha pili ni ile ndoo ya chokaa pale mlangoni, na brashi juu yake. Watu wa Kaloleni hawafichwi jambo: mnajua kuwa nyuma ya kitambaa kuna picha, mnajua kuwa picha hiyo ni ya zimwi, na mnajua kuwa kamati yetu ya watu saba ilishindwa kukubaliana. Watatu walitaka ibaki. Watatu walitaka ipakwe chokaa kabla kitabu cha kwanza hakijaingia. Wa saba ni mwenyekiti, na mwenyekiti ndiye huyu mnayemwona. Nikaahidi kwamba nitatoa uamuzi leo, mbele ya watu wote, na tangu hapo sijamwambia mtu, hata mke wangu, ambaye kwa siku nne mfululizo amenipikia loshoro tamu kuliko ya harusi yetu, akidhani siri hutokea palepale chakula kinapoingilia.

Na aliyeichora amekaa pale, kiti cha tatu kutoka dirishani, mikono ameikunja mapajani. Ni Bi. Marta, Mama Ruth, ambaye wengi wenu mnasoma maandishi yake kila siku bila kujua ni ya nani, maana nusu ya mabango ya maduka ya mji huu ni mkono wake. Mama Ruth, nivumilie. Najua unachosubiri. Hii ndiyo picha ya kwanza uliyoichora kwa wazo lako mwenyewe na si kwa wazo la mwenye duka; ulisimama juu ya ngazi miezi minne; na umeambiwa na watu, wengine wakiwa na huruma na wengine wakiwa na furaha, kwamba ikifutwa hii hakuna atakayekupa tena ukuta wala ubao. Nitafika huko. Lakini mimi ni mwalimu, na mwalimu hatoi jibu kabla ya kuonyesha njia ya kulipata.

Basi tuanze na swali. Zimwi ni nini?

Bibi yangu, aliyenilea kule juu kwenye migomba, alimwita irimu, kama Wameru wote tunavyomwita. Alisema irimu hafanani na mnyama hata kidogo. Anafanana na mgeni mzuri. Anabisha hodi, anasifu ng'ombe wako, anasifu watoto wako, anasifu hata pombe yako iliyochacha. Lakini nyuma ya kichwa, chini ya nywele, ana kinywa cha pili. Kinywa cha mbele ni cha kusifu, na kinywa cha kisogoni ni cha kula. Na anakula nini? Anameza. Ng'ombe, mbuzi, nyumba, watu na vinu vyao, mpaka kijiji kizima kiko tumboni mwake, na wao humo ndani wanaendelea kuulizana habari za asubuhi.

Mnajua kuwa huku kwetu mtoto hamsalimu mzee kwa maneno tu. Anainamisha kichwa, na mzee anamgusa. Wageni wetu kutoka Ulaya wameandika kwamba hiyo ni baraka, na hawakukosea. Lakini nilipomwuliza bibi yangu kwa nini wazee wanatugusa vichwa, alinijibu huku akicheka, "Tunatafuta mdomo wa pili, mjukuu wangu. Siku nikiukuta, hulali humu." Nilikuwa na miaka sita. Kwa mwaka mzima nilijipapasa kisogo kila asubuhi kabla ya kunawa uso.

Sasa msidhani Wameru peke yetu ndio tuliobahatika. Jirani zetu wa bondeni wana habari za watu wanaogeuka fisi. Bwana Balwant aliniambia kwamba kule Punjab bibi yake naye alimtishia kwa mwanamke mzuri sana wa barabarani, ambaye ukitazama chini utaona nyayo zake zimegeukia nyuma. Nilipenda sana habari hiyo. Mwenye kufikiri na afikiri: Mpunjabi hutazama nyayo, Mmeru hutazama kisogo, na wote wawili wanasema kwamba usimhukumu mtu kwa uso wake, ila uzunguke kwanza, umtazame upande asiouonyesha. Na huko kwenu, Bwana Shauri, nasikia kuna mtu ambaye mwezi ukijaa anaota manyoya na kuwa mbwa mwitu. Huyo tulimwona. Alikuja Arusha kwa lori, ndani ya makopo ya bati.

Ilikuwa miaka miwili iliyopita, majira ya masika. Bwana Shantilal, mwenye jumba la sinema, alikuwa ameagiza filamu hiyo kutoka Nairobi. Makopo yalifika salama, lakini mabango ya kutangazia yalilowa njiani yakawa kama uji. Siku hizo Mama Ruth alikuwa akifagia jumba lile, na kwa kuwa mkono wake ni mzuri, ndiye aliyeandika yale maneno "Usiteme Mate Hapa" ambayo mpaka leo hakuna anayeyatii. Bwana Shantilal akamwita, akampa ubao na rangi. Mazungumzo yao nimeyapata kwa wote wawili, na kwa ajabu yanalingana.

"Nichoree zimwi," alisema Bwana Shantilal.

"Zimwi gani, baba?"

"La Ulaya. Mtu anageuka mbwa mwitu."

"Huyo mbwa mwitu wa Ulaya yukoje?"

"Kama mbwa, ila ana hasira. Chora, mama, chora, Jumamosi si mbali!"

"Na mdomo wake wa nyuma uko wapi hasa? Juu ya shingo au juu zaidi?"

Bwana Shantilal, ambaye wakati huo alikuwa ameshika simu sikioni na mtu wa Moshi anamfokea, akasema, "Weka popote! Weka tu!"

Basi akaweka. Alimchora yule mtu akiwa ametupa mgongo, manyoya mabegani, nywele zimegawanyika katikati, na hapo katikati, kinywa. Meno yake, ndugu zangu! Mimi nilipita kwa baiskeli, nikajikuta nimeshuka. Akina mama wa ndizi walitua mikungu yao. Wazee wa Kimasai walisimama na fimbo zao, mguu mmoja juu ya mwingine, wakakitazama kinywa kile kama watazamavyo ng'ombe wa kununua. Watu ambao hawajawahi kuingia sinema maishani mwao waliulizana, "Jumamosi saa ngapi?" Hawakuwa na haja na Ulaya. Walitaka kumwona irimu akigeuka.

Nami nilikwenda. Naomba ieleweke kuwa nilitumwa. Wazee wa usharika walitaka mtu mzima mwenye elimu akachunguze kama filamu ile inafaa kwa waumini, na nilipojitolea waliniambia kwamba nimejitolea upesi mno.

Saa tisa mchana jumba likajaa hadi ngazini. Bwana Balwant, ambaye ndiye mwendesha mashine, akazima taa. Tukamwona kijana wa Kizungu, mpole, mwenye mchumba. Tukauona mwezi. Tukaona mikono yake inaota manyoya, uso wake unarefuka, naye analia kwa maumivu, na jumba zima likanyamaza hata nikasikia mbegu za maboga zikianguka kutoka mkononi mwa mtu. Kila mmoja alisubiri jambo moja tu. Geuka, tulisema mioyoni. Geuka.

Akageuka. Kisogo chake kilikuwa kisogo.

Mbele yangu safu mbili alikaa Mama Hanna wa Sombetini, ambaye leo yuko hapa, na macho yake yamefifia lakini sauti haijafifia hata kidogo. Akasimama akapaza sauti, "Hana mdomo! Jamani, hana! Huyu si irimu, huyu ni mtu!"

"Kaa chini, mama, tunaona," akasema kijana mmoja.

"Unaona nini wewe? Mtoto wa watu anaumwa, na nyinyi mnatafuna mbegu!"

Hapo mambo yakageuka kuliko yule kijana wa filamu. Mmoja akasema ni degedege. Mwingine akasema ni kuapizwa, na kwamba mchumba wake ana shangazi asiyetazamika vizuri. Na pale walipotokea Wazungu wenye bunduki wakimfuata msituni, watu mia tatu walisimama juu ya viti wakalia kwa sauti moja, "Msimpige! Hana mdomo!" Mimi, mtu mzima mwenye elimu, mjumbe wa usharika, nilikuwa nimesimama juu ya kiti pia. Sikumbuki nilipandaje.

Bwana Balwant akasimamisha mashine. Akatoka katika kijumba chake, jasho limelowesha kilemba, akainua mikono. "Ndugu zangu! Dada zangu! Si mimi niliyemgeuza!"

"Lakini wewe ndiye unayempeleka kwenye bunduki," akasema Mama Hanna.

Bwana Shantilal alikuja mbio, akamwambia Mama Ruth mbele yetu sote kwamba amemharibia kazi kwa kuchora kitu kisichokuwamo, na kwamba afungashe brashi zake. Mama Ruth alifunga kanga kiunoni. Aliinama akaanza kuokota mbegu za maboga sakafuni, maana hata akifukuzwa hakutaka kuacha jumba chafu. Ndipo Mama Hanna akasema maneno niliyoyaandika jioni ileile katika taarifa yangu kwa wazee: "Shantilal mwanangu, usimguse. Kama asingetuchorea ule mdomo, tusingeutafuta. Kama tusingeutafuta, tungeshangilia anapouawa."

Nawaombeni myatafakari hayo, maana ndiyo elimu yote ya shughuli ya leo. Bango lile halikutudanganya. Lilitupa swali la kuuliza. Wale mabwana wa filamu walikuwa na bunduki nzuri, lakini hawakuwa na bibi wa kuwafundisha kutazama kisogo, ndiyo maana hawakukagua mahali popote. Bwana Shauri, naona unacheka. Asante, nilikuwa na wasiwasi kidogo na sentensi hiyo.

Bwana Balwant alikuna ndevu, akarudi kijumbani, akaipeleka filamu nyuma mpaka pale alfajiri inapomkuta yule kijana amelala juu ya majani, amekuwa mtu tena, anapumua. Akaiachia mpaka hapo, kisha akawasha taa. "Amelala," akasema. "Twendeni polepole tusimwamshe." Na watu mia tatu wakatoka kwa ncha za vidole. Filamu hiyo ilionyeshwa Jumamosi tatu, na mara zote tatu iliishia hapo. Mpaka leo hakuna mtu wa Arusha ajuaye mwisho wake, na hakuna aliyeuliza. Bwana Shantilal, ambaye ni mtu wa haki hata akichelewa kidogo kuifikia, alimpa Mama Ruth ngazi mpya, na tangu siku hiyo hakuagiza tena bango Nairobi.

Leo ni siku ya furaha, lakini lazima sasa nijisemee vibaya.

Tulipojenga chumba hiki tulimwomba Mama Ruth achore ukutani kitu cha kwetu. Mimi kichwani nilikuwa na kahawa, migomba, na mlima wenye theluji kidogo. Akachora mlima, akachora maziwa ya Momela na ndege wake wekundu, na katikati, mkubwa kuliko mlima, akamchora irimu. Ametupa mgongo, kinywa cha kisogoni wazi, na ubavu wake umepasuliwa kama bibi zetu walivyosimulia, na watu wanatoka. Na watu hao ni sisi. Yuko Bwana Balwant, kilemba kimelegea. Yuko Bwana Shantilal na simu yake. Yuko mama mmoja anayetoka amebeba mlango wa nyumba yake kichwani, na wa Engare Nanyuki mliohamishwa kwa nguvu mnajua mlango huo ulibebwa mwaka gani. Bwana Shauri, wewe hukuwapo, na leo sitaeleza zaidi. Yuko pia mwenzangu wa kamati, Mzee Melkizedeki, mzee wa usharika, aliyeiona picha akashika kiuno.

"Mwalimu," akaniambia, "mimi nimo tumboni mwa zimwi? Na koti langu la Jumapili?"

"Unatoka, mzee," nikamwambia.

"Nikitoka ni kwamba niliingia! Nyumba ya vitabu si pango. Watoto wataota nini?"

Mzee Melkizedeki hakusema neno la kijinga. Alikuwa akilinda watoto, na mtu anayelinda watoto hadharauliwi. Nami nilikubaliana naye. Semeni mlivyosikia: nilikubaliana naye. Nilijiambia kwamba Bwana Shauri atakuja, Mangi atakuja, na watatukuta tumechora hadithi za mabibi. Ile ndoo mnayoiona, kamati haikuiagiza. Niliinunua mimi. Niliifunga nyuma ya baiskeli yangu na kuileta, nikaomba tu nipewe siku chache, kwa sababu mtu akitaka kufanya jambo baya hupenda kwanza kuonekana anafikiri.

Jumanne nilikuwa humu peke yangu, nakoroga chokaa kuona kama imelainika. Mama Hanna akaingia anapapasa ukuta. Alikuwa amesikia habari. Hakunisalimu, alinyoosha mkono tu. "Nipeleke kwenye kisogo chake," akasema.

Nikampeleka. Nikampandisha juu ya kreti, akakipapasa kinywa chote kwa vidole, jino kwa jino, uso wake ukikaribia kugusa ukuta ili aone. "Huyu ndiye," akasema. "Na hawa wanaotoka ni akina nani?"

Nikamtajia mmoja mmoja. Nikaruka mmoja.

"Na huyu wa chini, aliyeshika kitu kidogo?"

"Ni chaki, mama."

"Basi ni wewe."

"Ni mimi."

"Mguu wako mmoja uko nje, mwingine uko ndani."

"Ndiyo, mama."

Akashuka kwenye kreti. Kisha akasema, "Mwalimu, ukipaka chokaa sasa hivi, huo mguu utatoka lini?"

Ndugu zangu, nimefundisha miaka thelathini na mbili, na hakuna mkaguzi aliyewahi kuniuliza swali gumu kama hilo. Nilikuwa nimemwona zimwi nikamwogopa, wala sikutazama picha inasema nini. Nilisimama kama wale mabwana wa bunduki. Picha ile haikuchora siku ya kumezwa. Imechora siku ya kutoka, na wanaotoka wana mavazi yote na dini zote, na hakuna anayemkanyaga mwenzake mlangoni. Kuna somo gani lingine tunalotaka kufundisha katika nyumba ya vitabu?

Basi uamuzi wangu ni huu. Picha inabaki.

Tulieni, tulieni, sijamaliza. Chokaa haitatupwa, maana nimeinunua mimi. Yale mawe ya kando ya njia ya kuingilia yatapakwa leo, na mpakaji ni mimi. Mzee Melkizedeki ameomba kunisaidia. Jana alinijia nyumbani, akaniambia kwamba ameomba, ametafakari, na upinzani wake umebaki wa jambo moja tu: katika picha ile koti lake halina kifungo cha tatu, na yeye kifungo hicho anacho. Mama Ruth, kifungo cha tatu, tafadhali.

Namshukuru Bwana Shauri kwa kuja na kwa kucheka. Namshukuru Mangi kwa mbao, Bwana Shantilal kwa rangi, Bwana Balwant kwa taa hizi alizozifunga mwenyewe, na akina mama kwa harufu hiyo inayotoka jikoni na kunikumbusha nifupishe. Mama Hanna, kwako sina shukrani inayotosha. Nina mguu wangu wa pili tu, na uko nje.

Imebaki kazi moja. Mama Ruth, njoo mbele, mwanangu. Usiogope, njoo. Huku kwetu mdogo humwinamia mkubwa kichwa, lakini leo mimi niliyenunua chokaa nakuinamia wewe. Weka mkono wako hapa kisogoni, unikague mbele ya watu wote hawa. Ukikuta mdomo, ndoo ile pale. Usipoukuta, shika kamba hii ya kitambaa uvute.

Naam. Mmemsikia wenyewe. Anasema hakuna kitu, ni upara tu.

Ndugu zangu, asanteni kwa masikio yenu, nimeyatumia vya kutosha. Sasa nawaombeni macho. Vuta, Mama Ruth.